Koki ya Boti ya Mzee Kondo

Wamevunja ile nyumba. Niliambiwa msikitini baada ya swala ya alasiri, nikadhani ni maneno ya watu, maana Kariakoo kila siku inavunjwa kwa mdomo kabla tingatinga halijafika. Kesho yake nikachukua mkongojo wangu nikaenda kujionea. Kweli bwana. Palipokuwa na baraza, vyumba sita na ujia katikati, pamebaki shimo jekundu, vijana wenye kofia ngumu, na bango lenye picha ya ghorofa refu lisilo na hata pa mtu kukaa akapunga upepo. Nikasimama nikitafuta kwa macho ua ulikuwa wapi, jiko lilikuwa upande gani, mpaka kijana mmoja akanipigia kelele, "Babu, sogea, utaangukiwa!" Nikamwambia, "Mwanangu, hapo uliposimama palikuwa na boti." Akanitazama kwa huruma. "Boti, babu? Hapa Kariakoo?" Kisha akanishika mkono taratibu, akanivusha barabara, akamwambia mwenzake anitafutie maji ya kunywa. Sasa mimi si mtu wa kuvushwa barabara. Nimekuwa fundi wa injini maisha yangu yote, skrubu za kichwa changu zimekaza zote, na boti ilikuwepo. Hasira ile ndiyo iliyonifikisha kwenye karatasi hizi.

Mwaka ninaousema nilikuwa kijana sijaoa, fundi katika karakana ya shirika moja la umma, nimepanga chumba katika nyumba hiyo, kwa Mzee Kondo, hatua chache kutoka Msimbazi. Ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, ule wa manjano uliokuja kwa meli, ambao ukiusonga ugali unanuka gunia na ukiula unakuuliza umekosa nini. Sukari ilikuwa kwa mgao. Sabuni ikionekana dukani foleni inazunguka mtaa, na nusu ya watu waliopanga hawajui wamepangia nini, wanauliza wakishafika mbele. Wote tulikuwa ndugu: ndugu mwenyekiti, ndugu karani, ndugu muuza mkaa. Uani kwa Mzee Kondo wapangaji wote tulipika kwenye jiko moja kwa zamu, na harufu ya dagaa wa mmoja ilikuwa kitoweo cha mwenzake asiye na kitu. Vyumba vyetu vilitenganishwa na kuta zisizofika juu. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakwambia pole. Siri ndani ya nyumba ile haikuwepo. Tulikuwa na adabu tu ya kujifanya hatujasikia.

Mzee Kondo alikuwa Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Kwa vijana wa leo ambao hawajui, hiyo maana yake ni kwamba tulikuwa watani, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote mbele ya yeyote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Mimi na yeye umri ulipishana kama baba na mtoto, lakini utani haujui mvi. Kila asubuhi nikitoka na mswaki mdomoni namkuta kakaa kwenye kigoda chake, kidole kimoja kimeinuliwa juu tayari. "Umeamka, mpagazi? Leo unabeba mzigo wa nani?" Nami namjibu, "Nimeamka, Mzee. Wewe umelala saa ngapi? Au ngoma ndiyo kwanza imeisha?" Wapangaji wanacheka, yeye anacheka kuliko wote, anajifuta machozi kwa ncha ya msuli. Siku nikichelewa kutoka chumbani alikuwa akigonga mlango kwa fimbo kuuliza kama nimekufa, ili apate kuja kunizika vibaya. Sijawahi kupendwa na mtu mzima namna ile, na wala sikujua kwamba ndiko kupendwa.

Sasa boti. Mzee Kondo aliwahi kuwa mpishi wa mzungu mmoja, mtaalamu wa mambo fulani ya serikali, ambaye Jumapili alikuwa anavua samaki kwa mshipi, anawapima, anawasifu, halafu anawarudisha majini. Mzee Kondo alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ugonjwa. Mzungu aliporudi kwao akamwachia mpishi wake boti, chombo kidogo cha faiba chenye rangi ya kijani iliyometameta, viti viwili vya kuzunguka na mashine nyuma. Kuiacha ufukweni ni kuwagawia wezi, basi Mzee akaiburuza kwa mkokoteni hadi Kariakoo, akabomoa uzio wa mabati, akaiingiza uani, akajenga tena uzio. Ikakaa hapo juu ya matofali, kati ya jiko na bafu. Mkewe, Bi Tatu, alianika dagaa kwenye pua ya boti. Kuku walitagia chini ya kiti cha nahodha. Mvua zikinyesha na Jangwani pakijaa maji, kila mpita njia alichungulia kwenye uzio: "Mzee Kondo, leta chombo, abiria tupo!" Yeye alikuwa amewaapia mtaa mzima kwamba sikukuu ya Idi atavuka nayo kwenda Kigamboni kwa dada yake, amevaa koti.

Ubaya ni kwamba boti haikuwa inakwenda. Ilikuwa na matenki mawili ya petroli, moja kila ubavu, na katikati yake koki ya shaba yenye mkono mdogo. Mkono ukiulaza kushoto injini inakunywa tenki la kushoto, ukiulaza kulia inakunywa la kulia. Koki ile ilikuwa imelika ndani. Ukichagua tenki moja, lile jingine tupu linapitisha hewa, na injini ikimeza hewa inakohoa mara mbili tatu, inazima. Nilipomweleza hayo, wapangaji wote walikuwa wamekaa uani wanasubiri zamu za jiko. Mzee akasimama juu ya kigoda, kidole juu. "Mashahidi mpo! Mnyamwezi huyu akibadilisha koki hii na boti ikatembea, nampa binti yangu Mwanaidi, na hawa kuku nawaongezea!" Watu walicheka mpaka mtu mmoja akapaliwa. Mwanaidi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso, ila vidole vyake vilisimama. Mimi nilicheka kwa meno tu, maana moyoni nilikuwa namtaka binti yule kwa kiasi cha kukosa usingizi.

Mwanaidi alifanya kazi kiwanda cha nguo, na alikuwa na ulimi mkavu kama wa baba yake, tofauti ni kwamba wa kwake haukupiga kelele. Alikuwa na tabia ya kukaa kwenye ubavu wa boti, ndala zinaning'inia, ungo mapajani, akiangalia ninavyofungua klipu za mipira. Siku moja akaniuliza, "Rama, wewe unamtaka baba au unanitaka mimi?" Nikaangusha spana ndani ya tope. "Wewe." "Mbona kutwa unaongea na baba?" Nikamwambia nimeshamwambia baba yake habari hiyo tena na tena. "Ulimwambiaje?" "Nilimwambia, Mzee Kondo, nipe binti yako kabla hajaota ndevu kama zako." Akaweka ungo chini polepole. "Naye akasemaje?" "Akasema nimletee kwanza mbuzi wa miguu mitano." "Na hiyo ndiyo posa, Ramadhani?" Alipotaja jina langu lote nikajua mambo si mazuri. Akaniambia kwamba karani mmoja wa Lindi, kijana mtaratibu mwenye viatu vinavyong'aa, amemtuma mshenga. Mtu mzima, amekuja na kanzu, amekaa mkekani, amesema yake, ameondoka. Baba yake ameahidi kumjibu baada ya Idi. "Wewe endelea na ndevu," akasema, akabeba ungo wake akaingia ndani.

Basi nikaingia kazini kama mtu anayefukuzwa. Nilijishawishi kwamba ahadi ilitolewa mbele ya mashahidi, kwa hiyo boti ikitembea Mzee hana pa kukimbilia. Koki mpya haikuwepo mjini. Mwaka ule hata nati ilikuwa ni ya kujuana. Nikachukua koki ya bomba la maji, nikaichonga, nikaunganisha mipira. Tukaweka pipa la maji nyuma ili propela izunguke ndani yake. Bi Tatu akasimama na ndoo kichwani, ametoka kwenye foleni ya bomba la mtaa. "Watu hawajaoga, mashine inaoga," akasema. Injini ikawaka, ikaimba vizuri, uani watu wakapiga makofi, halafu ikakohoa. Nikafungua: petroli ilikuwa imekula raba ya ndani ya koki, imekuwa uji. Mzee Kondo akatangaza kwamba Mnyamwezi amempikia boti uji na sasa inaharisha. Mara ya pili nikaazima koki ya pikipiki. Hiyo haikuyeyuka, ila tundu lake lilikuwa jembamba; injini ikienda polepole inaridhika, ukiiongeza inakufa kwa kiu. Mzee akafurahi zaidi. Kila nikishindwa alikuwa anapata maneno ya wiki nzima, na mimi mjinga nilimjibu kila neno, kwa sababu, nisiseme uongo, nami nilikuwa nafurahi.

Nilipoona siku zinakwenda, nikaamua kufanya kama karani wa Lindi. Nikamwendea Mzee Maganga, mlinzi wa ghala moja karibu na Posta, mkubwa wetu sisi Wanyamwezi wa mjini, mtu wa swala tano na sauti nzito. Nikampigia magoti, nikamweleza, akakubali. Siku ya siku akaja na kanzu iliyopigwa pasi. Nikajifungia chumbani, sikio ukutani, ingawa kwa kuta zile ningeweza kusikia nikiwa barabarani. "Hodi wenyewe!" "Nani huyo? Lo, Bi Tatu, ficha sufuria, Mnyamwezi kaingia!" "Niliona moshi, nikasema Wazaramo leo wamekula, niwahi kabla hawajauza sufuria." Astaghfirullah. Wakaanza hapo hawakumaliza. Walitukanana juu ya kahawa, wakatukanana juu ya kashata, wakazikana, wakafufuana, Mzee Kondo akalia kwa kicheko, Mzee Maganga akapiga mkeka kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Maghribi ikaadhiniwa, wakaenda msikitini wameshikana mikono. Nikamkimbilia Mzee Maganga njiani. "Amesemaje, mzee wangu?" Akanitazama macho yakiwa bado yana machozi. "Kuhusu nini?" Wallahi niliegemea ukuta. Akajipiga paji la uso. "Ala! Lile! Mwanangu, nimesahau. Lakini yule bwana ni mtu mzuri sana."

Usiku ule ule, nimelala chali bila hata kula, nikasikia upande wa pili wa ukuta Bi Tatu akimuuliza mumewe ameamuaje juu ya binti. "Wa Lindi ameleta mtu," Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ikiwa haina kicheko ndani yake. "Mtu amekaa, ameongea. Namjibu nini? Namkataa kwa sababu gani?" "Na huyu fundi?" "Fundi gani? Yule anatania. Angekuwa anataka kweli angeleta posa. Kaniletea Maganga tukacheka. Mnyamwezi hajasema neno hata moja la kweli tangu ahamie hapa." Halafu akaongeza, taratibu, "Na mimi sijamwambia hata moja." Bi Tatu akakohoa kikohozi kirefu kisicho cha ugonjwa, akasema kwa sauti, "Haya, ukuta wenyewe haufiki juu, tulale." Nikabaki nimekodoa macho kwenye bati. Mwaka mzima nilikuwa nimeomba mke kwa lugha ambayo kati yangu na yule mzee haikuwa na uwezo wa kuomba kitu. Kila nilichosema kilikuwa utani kwa sababu nimekisema mimi. Ahadi yake mbele ya mashahidi haikuwa na thamani ya punje ya mchele, maana alimwahidi mtani. Na Mnyamwezi yeyote ningemtuma angepotelea kwenye shimo lile lile.

Asubuhi nikamweleza Mwanaidi bombani, yeye akijifanya anajaza ndoo nami nikijifanya nanawa. Hakushangaa. "Tafuta mtu ambaye baba hawezi kumtania," akasema. "Nani? Baba yako anatania mpaka kuku." Akafikiri. "Jayanti," akasema. Nikadhani ananicheka. Bwana Jayanti alikuwa Mhindi mwenye duka la vipuri mtaa wa nyuma, mzaliwa wa Kariakoo, Mhindu wa kufukiza ubani kila akifungua duka, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee Kondo alimheshimu kupita kiasi. Walikuwa wakisalimiana kwa kuinamiana kama mabalozi. "Kumtania Jayanti haiwezekani," Mwanaidi akasema. "Baba akijaribu atajisikia vibaya siku tatu." Akajitwisha ndoo. "Na ana koki," akaongeza. "Kama humtaki awe mshenga, basi hata koki usiitafute."

Koki ilikuwepo kweli. Ya malori ya masafa ya Zambia, yale yenye matenki mawili, shaba tupu, nzito, tundu pana. Ilikuwa moja tu, imefungwa kwenye gazeti, na Bwana Jayanti aliishika kama yai. "Ya lori lipi?" "Ya boti." Akaweka miwani sawa. "Boti iko wapi?" "Nyumbani, mtaa wa pili hapo." Akairudisha kwenye gazeti. "Bwana Ramadhani, mimi nimezaliwa hapa. Hapa hakuna boti." Ikabidi afunge duka nimpeleke. Alisimama uani mbele ya ule uchafu wa kijani wenye kuku ndani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mzee Kondo akamwinamia, akamletea kiti. Tuliporudi dukani nikamweleza na lile la pili. "Kwetu sisi jambo hili haliendi bila mtu wa kati," akasema. "Kwenu pia haliendi. Wewe umekwenda mwenyewe kama mtu anayenunua nyanya?" Akakubali yote mawili, koki na ushenga, kwa sharti moja: koki ni moja mjini, lazima aione ikifanya kazi majini kwa macho yake, ndipo iwe halali yangu. Posa angeisema siku hiyo hiyo, boti ikisharudi, kwa heshima, mkekani.

Nikaifunga. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja: toa ile mbovu, safisha ncha za mipira, ingiza mipya, klipu, kaza, paka sabuni kwenye maungio uone kama kuna povu. Povu hakuna. Jumamosi moja kabla ya Idi tukabomoa uzio tena, tukaipakia boti kwenye mkokoteni, tukaikokota kupitia Mnazi Mmoja hadi Magogoni, nyuma yetu msafara wa watu waliodhani ni maandamano ya chama, wengine wakaanza na kuimba. Pale Feri tukaishusha majini. Yai moja likabingirika kutoka chini ya kiti, likadondoka majini, likaelea, likaenda zake. Mzee Kondo alikaa mbele amevaa koti la mzungu kwenye jua lile. Mimi nyuma kwenye mashine. Katikati Bwana Jayanti, ambaye hakuwahi kupanda chombo cha majini maishani mwake, amejivika tyubu la lori kiunoni juu ya shati safi, mikono imeng'ang'ania kingo mbili. Mwanaidi na mama yake wakabaki ufukweni na watu wengine. Nikavuta kamba. Ikawaka. Tenki la kushoto, tukaenda. Nikahamisha koki kulia, haikukohoa hata mara moja. Ufukweni wakapiga vigelegele, nami nikawa nimeshaoa moyoni.

Tulipofika katikati ya mkono wa bahari, Mzee Kondo akahama kiti chake akaja kuitazama koki. Akaipapasa. Akauliza ya nini kuhamisha hamisha. Kisha, kabla sijamzuia, akausimamisha mkono wa koki katikati, si kushoto wala kulia, kwa sababu, alivyotueleza baadaye, hii ni nchi ya ujamaa na haipendezi tenki moja linafanya kazi na lingine limekaa. Yote mawili yachangie! Sasa katikati ndipo koki inapofunga. Injini ikamalizia petroli iliyobaki kwenye mpira, ikapiga chafya, ikazima. Maji yakaanza kutupeleka yanakotaka. Upande wa Kigamboni pantoni ikapiga honi, inang'oa, na njia yake ilikuwa ndiyo sisi. "Mnyamwezi, umetuua!" Mzee akapiga kelele. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye koki; ni jambo la kuizungusha tu. Lakini Bwana Jayanti, uso umekuwa rangi ya majivu, alikuwa ameinua kiganja.

"Mzee Kondo," akasema, "nimetumwa."

"Umetumwa na nani? Tunakufa hapa!"

"Na kijana huyu. Anaomba mke kwako, binti yako Mwanaidi. Nilitaka kusema nyumbani, juu ya mkeka. Lakini nikifa na ujumbe wa mtu tumboni, huko niendako nitaeleza nini?"

Mzee akanigeukia, kidole juu, mdomo umeshajaa. "Wewe mpagazi, yaani mzigo wako umekushinda mpaka..."

"Usiongee naye," Bwana Jayanti akasema. "Ongea na mimi. Mimi si mtani wako."

Kidole kikashuka. Mzee Kondo akakaa chini, na koti lile likaonekana kubwa ghafla. Akamtazama mshenga wangu, wala si mimi niliyekuwa nimegusana naye magoti. "Mwambie aliyekutuma," akasema, "yule karani wa Lindi nikimpa binti, napata mkwe, sipotezi kitu. Huyu nikimpa napata mkwe, na mtani wangu amekwenda. Mkwe hataniwi. Asubuhi nikiamka nitamtukana nani?" Sauti yake ilikatika mwishoni. Bwana Jayanti akanigeukia, kana kwamba mimi niko ng'ambo Kigamboni. "Anasema akikupa binti, hatakuwa na mtu wa kumtukana asubuhi." Mwaka mzima sikuwahi kukosa neno mbele ya mzee yule, na sasa neno langu lilipaswa kupita kwa mtu. "Mwambie," nikasema, "na mimi pia sitakuwa naye." Ujumbe ukapelekwa. Pantoni ikapiga honi tena, karibu zaidi. "Mwambie alete watu wake," Mzee Kondo akasema huku akitazama maji. "Watu wazima. Maganga asije." Akavuta pumzi, kidole kikapanda mara ya mwisho. "Na kabla sijawa mkwe wake, muulize ni fundi wa aina gani, boti inazimika katikati ya bahari?" "Mjibu," nikasema, "kwamba Mzaramo ameifunga koki kwa mkono wake mwenyewe, na kama angekuwa mbuzi angejifunga kamba shingoni." Bwana Jayanti alifikiri kidogo. "Hilo sipeleki," akasema. Mzee alikuwa ameshalisikia. Alicheka mpaka boti ikayumba na mshenga akamwita kila mungu anayemjua. Nikauzungusha mkono wa koki, nikavuta kamba, tukatoka mbele ya pantoni huku abiria wake wanatutukana kwa lugha zote za nchi hii.

Nilioa baada ya Idi. Kesho yake asubuhi nilitoka na mswaki, nikamkuta kwenye kigoda. "Shikamoo, baba," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" "Salama, baba." Tukatazamana. Ikawa ni hivyo miaka yote aliyoishi. Mara nyingine nilimwona neno limemfika mdomoni, zuri, la moto, analigeuza geuza, halafu anachukua kikombe cha kahawa analishushia. Alipofariki, Wanyamwezi walikuja msibani kufanya yao, kama ilivyo desturi ya watani. Vijana walivaa kanzu zake kinyume, mmoja akalala mlangoni kuzuia jeneza, mwingine akamwigiza anavyotembea, anavyoinua kidole, na watu wakacheka katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wafiwa. Walikuwa wanakosea. Kidole hakuwa anakiinua hivyo, na maneno yao yalikuwa mepesi, ya kumtania Mzaramo yeyote tu. Nilikuwa nayo mazuri zaidi, ya miaka mingi, niliyomtengenezea yeye na sikuwahi kumwambia. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza kama mkwe.